Karl Jansky na Redio ya Nyota

Bila shaka umewahi kusikiliza redio wakati mvua inapokaribia. Kama unaishi Kilosa, unajua jinsi mawingu meusi yanavyokusanyika juu ya milima ya Ukaguru. Radi humulika kwa mbali, na kila imulikapo, redio ya masafa ya kati au mafupi hutoa mkwaruzo mkali, hata maneno ya mtangazaji yakapotea. Mkwaruzo huo hausababishwi na ubovu wa redio yenu. Radi ni umeme, na umeme unaporuka angani hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo huingia kwenye antena pamoja na yale ya stesheni, na redio haiwezi kuyakataa.

Katika somo hili utajifunza maisha ya mtu aliyeajiriwa kuchunguza mikwaruzo ya redio. Kazi hiyo ilimfikisha mahali ambapo yeye mwenyewe hakutazamia kufika.

Karl Guthe Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 katika mji wa Norman, Oklahoma, nchini Marekani. Baba yake alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme. Jina la Guthe alipewa kwa heshima ya profesa aliyekuwa amemfundisha baba yake fizikia. Karl alikulia Wisconsin, sehemu ya kaskazini ambako wakati wa baridi maziwa huganda kabisa, na vijana hucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Karl naye alicheza, na aliupenda sana mchezo huo. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin akahitimu mwaka 1927.

Lakini alipokuwa bado mwanafunzi, madaktari waligundua kuwa figo zake zilikuwa na ugonjwa. Umekwisha kujifunza kazi ya figo mwilini, kwa hiyo unaweza kufahamu uzito wa habari hiyo. Siku hizo hapakuwa na mashine za kusafishia damu, wala madaktari hawakuweza kumpa mtu figo ya mwingine. Karl aliishi na ugonjwa huo maisha yake yote.

Mwaka 1928 aliomba kazi katika Bell Telephone Laboratories, maabara kubwa ya kampuni ya simu. Wakuu wa maabara walisita kumwajiri kwa sababu ya afya yake. Kaka yake, aliyekuwa mhandisi wa redio, aliwashawishi, wakakubali. Walimpeleka kufanya kazi mashambani, katika jimbo la New Jersey, mbali na msongamano wa mji. Baadaye kazi yake ilihamia mahali paitwapo Holmdel.

Wakati huo mtu wa New York aliweza kuzungumza kwa simu na mtu wa London. Hapakuwa bado na nyaya za simu za namna hiyo chini ya bahari ya Atlantiki, kwa hiyo sauti zilisafirishwa kwa mawimbi ya redio. Mara nyingi mikwaruzo iliharibu mazungumzo. Jansky alitakiwa kutafuta mikwaruzo hiyo inatoka wapi, ili kampuni ijue namna ya kuiepuka.

Kwanza tukumbushane juu ya mawimbi. Tupa jiwe katika sehemu iliyotulia ya mto Mkondoa. Utaona mawimbi yakienea kwa duara. Umbali kutoka kilele cha wimbi moja mpaka kilele cha wimbi linalofuata huitwa urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio nayo yana urefu wake, ingawa huyaoni. Mengine ni marefu kama uwanja wa mpira, mengine ni mafupi kuliko punje ya mchele. Unapozungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni, unachagua urefu wa wimbi unaotaka kuupokea. Kila stesheni ina wa kwake. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Jansky alijenga antena ya kupokea mawimbi ya urefu wa meta 14.6. Ilikuwa ni fremu ya mbao na mabomba ya shaba nyeupe, yenye urefu wa karibu meta 30. Ilikaa juu ya magurudumu 4 ya motokaa ya zamani aina ya Ford, na mota iliizungusha polepole mpaka ikamaliza duara kwa dakika 20. Kwa njia hiyo iliweza kuelekea kila upande kwa zamu. Wenzake waliifananisha na bembea ya kuzunguka ya watoto. Ndani ya kibanda kilichokuwa karibu, kalamu ilichora juu ya karatasi nguvu ya mawimbi yaliyopokewa, saa baada ya saa.

Jansky alichunguza michoro hiyo kwa miezi mingi. Aligundua aina tatu za kelele. Ya kwanza ilitoka kwenye radi za karibu. Ya pili ilitoka kwenye radi za mbali, ambazo mtu aliyekuwa pale asingeweza kuziona. Ya tatu haikuwa mkwaruzo hasa. Ilikuwa mvumo mdogo, usiokatika, kama maji yanayochemka kwa mbali ndani ya sufuria. Mvumo huo ulikuwa hafifu, wala haukuwasumbua watu waliokuwa wakipiga simu. Mtu mwingine angeuacha. Jansky aliendelea kuuandika.

Mwanzoni alifikiri unatoka kwenye Jua, kwa sababu ulitoka upande ule ule wa Jua na kulifuata angani. Lakini miezi ilipopita, mvumo na Jua viliachana. Kila siku mvumo ulifika mahali pale pale mapema kidogo kuliko jana yake. Tofauti ilikuwa dakika 4. Tarehe 31 Agosti 1932 Jua lilipatwa na Mwezi, likafunikwa kwa sehemu kubwa, na mvumo haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo haukuwa wa Jua.

Je, dakika 4 zina maana gani? Fanya jaribio hili uwanjani. Mlingoti wa bendera uwe Jua, nawe uwe Dunia. Chagua mlima ulio mbali sana, huo uwe nyota. Sasa uzunguke mlingoti polepole, huku ukijizungusha mwenyewe kuelekea upande ule ule unaozunguka mlingoti. Kila ukimaliza kujizungusha mara moja, utauona tena mlima mbele yako. Lakini ili uutazame mlingoti sawasawa, itakubidi ugeuke kidogo zaidi, kwa sababu umekwisha kusogea. Dunia nayo ni hivyo hivyo. Hugeuka mara moja mbele ya nyota kwa saa 23 na dakika 56, na mara moja mbele ya Jua kwa saa 24. Kitu chochote kinachotangulia kwa dakika 4 kila siku kinafuata saa ya nyota. Rafiki yake Jansky aliyejua elimu ya nyota alimwonyesha jambo hilo.

Hapo Jansky alitambua kuwa mvumo wake haukutoka duniani wala kwenye Jua. Ulitoka kwenye Njia Nyeupe, yaani ule mkanda wa nyota nyingi unaokatiza anga. Ulikuwa na nguvu zaidi katika kundi la nyota liitwalo Mshale, au Kausi, ambako ndiko kwenye kitovu cha Njia Nyeupe. Kitovu hicho kiko mbali nasi miaka ya nuru 26,000 hivi. Maana yake ni kwamba mawimbi aliyoyapokea Jansky yalianza safari yao kabla binadamu hajajua kulima.

Aliandika matokeo yake mwaka 1933. Tarehe 5 Mei mwaka huo gazeti la New York Times lilichapisha habari hiyo katika ukurasa wake wa kwanza, na baadaye mvumo wenyewe ulirushwa redioni ili watu wausikie. Jansky alikuwa na umri wa miaka 27.

Pengine unatazamia kusikia kwamba baada ya hapo alipewa vyombo vikubwa zaidi. Haikuwa hivyo. Alipendekeza lijengwe dishi lenye upana wa meta 30 ili mvumo uchunguzwe vizuri, lakini halikujengwa. Kampuni ilikuwa imepata jibu la swali lake, nao ulikuwa wakati wa shida kubwa ya fedha duniani. Wataalamu wa nyota nao walizoea darubini za vioo, na wengi wao hawakujua mambo ya redio. Tusiwalaumu haraka mno wakuu wa kampuni ya simu kwa kutotaka kulipia elimu ya nyota. Hata hivyo, ilikuwa hasara. Jansky alipangiwa kazi nyingine, akazifanya vizuri. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alisaidia kutengeneza vyombo vya kutambua upande yanakotoka mawimbi ya redio ya adui. Mhandisi mmoja tu, Grote Reber, aliendeleza kazi ya nyota. Mwaka 1937 alijenga dishi la upana wa zaidi ya meta 9 nyuma ya nyumba yake, kwa fedha zake mwenyewe.

Figo za Jansky zilizidi kudhoofika. Alifariki tarehe 14 Februari 1950, akiwa na umri wa miaka 44, akaacha mke na watoto wawili.

Sasa turudi kwenye kitufe cha redio. Mvumo wa Jansky ulikuwa kama kelele za mnada ukizisikia kutoka mbali. Unajua kuwa pana watu, lakini humtambui yeyote. Mvumo huo ulienea katika mawimbi ya urefu mwingi kwa pamoja. Lakini kila aina ya gesi angani ina mawimbi yake maalumu, ya urefu usiobadilika, mithili ya stesheni ya redio. Wataalamu huyaita mistari, kwa sababu yakichorwa huonekana kama mstari mwembamba uliosimama peke yake. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya kifo cha Jansky, tarehe 25 Machi 1951, wataalamu wawili wa Marekani, Harold Ewen na Edward Purcell, walipokea kwa mara ya kwanza mstari wa gesi ya haidrojeni. Urefu wa wimbi lake ni sentimeta 21.

Baada ya hapo mistari mingine ilifuata. Mwaka 1968 ilipatikana amonia huko huko kwenye kundi la Mshale. Amonia ni gesi yenye harufu kali unayoisikia chooni. Molekuli yake ina atomu moja ya naitrojeni na atomu tatu za haidrojeni, nayo ina umbo kama la mwavuli. Je, umeona mwavuli ukipinduliwa na upepo, ndani ukawa nje? Amonia hujipindua hivyo karibu mara 24,000,000,000 kwa sekunde moja. Kujipindua huko ndiko kunakotoa wimbi la sentimeta 1.25. Muda mfupi baadaye yakapatikana maji, na wimbi lake ni la sentimeta 1.35. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walipata kaboni monoksidi katika wingu kubwa la kundi la Orioni. Hiyo ni gesi ile ile itokayo kwenye jiko la mkaa, inayoua watu waliolala nalo ndani ya chumba kilichofungwa. Hao watatu waliajiriwa na Bell Telephone Laboratories, ile ile iliyokuwa imemwajiri Jansky.

Mistari hiyo ina faida gani? Faida yake kubwa iko pale ambapo nyota kubwa huzaliwa. Ziko nyota zenye maada mara 8, mara 20 au zaidi kuliko Jua letu. Nyota hizo ni chache, lakini sehemu kubwa ya oksijeni unayovuta ilitengenezwa ndani ya nyota za namna hiyo, zilizokufa kabla Dunia haijakuwapo. Huishi muda mfupi. Jua litadumu miaka 10,000,000,000 hivi, lakini nyota kubwa sana humaliza maisha yake katika miaka milioni chache tu. Nazo huzaliwa zikiwa zimejificha. Wingu la gesi na vumbi linalozizaa huwa zito kiasi kwamba nuru yake haipenyi. Darubini ya kioo huona giza tu.

Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Ukiwa ndani ya nyumba ya matofali, na madirisha yamefungwa, huuoni mnara wa stesheni, lakini redio husema. Kwa njia hiyo tunaweza kujua ni gesi gani inayoizunguka nyota changa, na kwa kulinganisha mistari mbalimbali ya amonia tunaweza kupima joto la gesi hiyo, ingawa hakuna pimajoto liwezalo kufika huko.

Kuna jambo jingine, na kwangu mimi hili ndilo la ajabu zaidi. Ukisimama mbali kidogo na reli pale Kilosa, treni ikija huku ikipiga honi, utasikia sauti nyembamba. Mara ikupitapo, sauti hushuka ikawa nzito. Mwanafunzi wa Mikumi anaweza kusikia jambo hilo hilo basi linapopita likipiga honi katika barabara kuu iendayo Iringa. Dereva hakubadilisha honi. Chombo kinachokuja kinayabana mawimbi yake yakawa mafupi, na kinachokwenda kinayarefusha. Mawimbi ya redio ya gesi nayo hubadilika hivyo. Gesi inayotujia, mstari wake husogea upande wa mawimbi mafupi. Gesi inayotukimbia, mstari wake husogea upande wa mawimbi marefu. Kwa kupima kusogea huko tunajua mwendo wa gesi.

Kabla ya hapo wataalamu walikuwa na fumbo. Nyota kubwa hung'aa kwa nguvu mno hata nuru yake huisukuma gesi iliyo kando yake. Basi inawezaje kuendelea kula gesi na kukua? Mistari ya redio imeonyesha kuwa gesi hufanya mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Sehemu yake huanguka kuelekea kwenye nyota. Kando ya baadhi ya nyota hizo, gesi huzunguka kama sahani bapa. Na nyingine hutupwa nje kwa kasi, ikitoboa njia katika wingu. Mwaka 1976 ilionekana katika wingu la Orioni gesi ya kaboni monoksidi ikikimbia makumi ya kilomita kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa sekunde, ungetoka Kilosa ukafika Dar es Salaam kabla hujahesabu mpaka 10.

Kazi hii inafanyika pia katika bara letu la Afrika. Huko Hartebeesthoek, Afrika Kusini, kuna dishi la upana wa meta 26. Lilijengwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya angani vya Marekani, na tangu mwaka 1975 limetumika kuchunguza nyota. Mojawapo ya mistari inayopokewa hapo ni ya methanoli, yenye wimbi la sentimeta 4.5 hivi. Methanoli ni ile sumu ambayo wakati mwingine huingia katika pombe haramu ikawapofusha wanywaji. Angani, mstari huo wenye nguvu huonekana kando ya nyota changa kubwa, kwa hiyo ukiupata umeipata nyota yenyewe. Kwa kutumia dishi hilo iligunduliwa nyota changa katika kundi la Mshale ambayo methanoli yake huongezeka nguvu kila baada ya siku 244 hivi, kama taa inayowashwa kwa zamu. Ghana nayo ilikuwa na dishi la simu la upana wa meta 32 mahali paitwapo Kuntunse. Simu zilipohamia kwenye nyaya za chini ya bahari, dishi hilo halikuhitajika tena. Liligeuzwa, na mwaka 2017 likazinduliwa kuwa darubini ya redio. Methanoli ya nyota changa ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupokewa nalo. Dishi kama hilo la Longonot, nchini Kenya, lilichaguliwa katika mpango huo huo.

Jina la Jansky halikupotea. Tangu mwaka 1973 nguvu ya mawimbi ya redio yatokayo nyotani hupimwa kwa kipimo kiitwacho jansky, kama vile urefu unavyopimwa kwa meta. Mwaka 2012 darubini kubwa ya redio iliyoko New Mexico, Marekani, yenye madishi 27 yanayofanya kazi kwa pamoja, ilipewa jina lake. Kila dishi lina upana wa meta 25. Dishi alilolipendekeza yeye lilikuwa moja tu.

Kazi ya kufanya. Katikati ya mwezi wa Agosti, saa 3 usiku, toka nje pamoja na mzazi wako. Msiende mbali na nyumba, hasa ninyi wa Mikumi, kwa kuwa tembo huvuka mpaka wa hifadhi usiku. Tazama juu, kusini kidogo ya utosi. Hapo Njia Nyeupe ni pana na nzito kuliko mahali pengine, na hapo ndipo lilipo kundi la Mshale. Chagua nyota moja angavu iliyo karibu kutoweka nyuma ya paa au mti. Simama mahali utakapoweza kusimama tena, uweke alama chini kwa jiwe, uandike saa na dakika inapotoweka. Rudi hapo baada ya siku 7. Nyota hiyo itatoweka mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Andika tofauti uliyoipata, igawanye kwa 7, kisha ulinganishe na hesabu ya Jansky.